Yaya Yuko Ng'ambo

Kazi yangu ni kuchora vichwa. Ukipita Ujiji, kuanzia sokoni hadi kule Buzebazeba tunakokaa, saluni nyingi zina mwanamke ukutani mwenye nywele zilizosukwa, shingo ndefu na hereni, na wengi wao wametoka mkononi mwangu. Huwa nachora pia kuku kwenye vibanda vya chipsi na tairi kwa mafundi pikipiki, lakini vichwa ndivyo vilivyonifanya nijulikane. Mume wangu anasema wanawake wangu wote wana sura ya mtu aliyesikia kitu nje. Wenye saluni hawajawahi kulalamika.

Kitabu cha vibonzo nilikianza kwa sababu ya binti yangu. Tulikuwa uani tunachambua dagaa, akaniuliza sisi utotoni tulikuwa tunacheza nini. Nikafungua mdomo kumjibu, nikakuta mchezo ninaoukumbuka vizuri kuliko yote ni ule wa kizuizini. Wawili wanashika kamba, wengine wanapita mmoja mmoja na kuulizwa maswali, na anayekosea jibu anakaa chini pembeni. Nilishindwa kumweleza kwa maneno, nikachukua karatasi nikamchorea. Alicheka. Halafu akanyoosha kidole.

"Na huyu aliyekaa chini, anasubiri nini?"

Nilimwambia atoe mawe kwenye dagaa.

Lakini kuanzia siku hiyo nilichora. Niligawa karatasi kwa rula, visanduku sita kila ukurasa, na kila kazi ya saluni ilipoisha mapema nilikaa mlangoni nikajaza visanduku viwili, vitatu. Sikumwonyesha mtu mwingine. Mimi hapa watu wananijua kama mke wa Muha wa Simbo, naongea kama wa Ujiji, na majirani wengi walikuwa wameshasahau kwamba nilikuja. Nilipenda wasahau.

Nilizaliwa ng'ambo, upande wa Kongo, katika mji mdogo wa pwani ambao ukitoka darasani unaliona ziwa lote. Baba yangu alikuwa mwalimu. Mama aliuza mawese. Tulikuwa watoto wawili tu, mimi na dada yangu, ambaye tangu nipate akili namwita yaya. Kwetu yaya ni dada mkubwa. Binti yangu aliposikia mara ya kwanza alishangaa, maana hapa yaya ni msichana wa kulea watoto, akaniuliza kama mama mkubwa wa ng'ambo alikuwa anafanya kazi kwetu. Nikamwambia ndiyo, kwa namna fulani alikuwa.

Wakombozi wa kwanza walikuja kwa miguu. Kwenye ukurasa wangu nimewachora kuanzia chini, kwa sababu mimi niliona kwanza mabuti: mabuti meusi ya mpira, yale ya kulimia kwenye matope, mengi, yanapita mbele ya uzio wetu. Walisema wamekuja kutukomboa. Walisema mkubwa aliyetutawala tangu baba akiwa kijana amekwisha, na kwamba sasa nchi ni ya watu. Baba alifurahi kweli, na hilo nimejitahidi kulionyesha, maana watu wakisoma mambo ya vita wanadhani kila mtu alikuwa analia. Alitufundisha wimbo wa ukombozi kwa siku chache tu, akatupanga mistari, tukaimba uwanjani bendera mpya ikipandishwa. Alikuwa anapiga mguu chini kama kijana. Mama alisimama nje ya uzio wa shule na kibuyu chake, anamtazama bila kucheka.

Viatu vyangu vya shule vilikuwa bado havijaanza kunibana walipokuja wakombozi wengine. Hawa walisema wale wa kwanza ni wasaliti. Wavulana wakubwa wa darasa la mwisho waliondoka nao, wengine kwa kupenda, wengine sijui. Kamanda wao alipokuja shuleni kutaka wanafunzi waimbe, baba alimuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Tuimbe ule ule, au mmekuja na wenu?"

Watu wazima waliokuwepo walitazama chini. Yule kamanda alicheka, akamshika baba bega, akasema mwalimu ni mcheshi. Jioni moto ulimshinda mama kuwasha. "Mdomo wako utatuzika," alimwambia. Baba akajibu kwamba amekuwa mwalimu maisha yake yote, hawezi kuacha kuuliza maswali. Siku zilizofuata aliitwa kwenye mkutano wa walimu. Walikwenda wengi. Alirudi peke yake kwenye barabara yetu, akakaa kwenye kiti, hakuvua viatu.

Tuliondoka asubuhi, ukungu ukiwa bado juu ya maji. Boti ilikuwa ya mtu wa mawese aliyekuwa ananunua kwa mama. Mimi nilikuwa na homa. Ninachokikumbuka ni mgongo wa mama, mkono wa yaya umeshika mguu wangu nisije nikadondosha kiatu, na baba amesimama pwani, maji yamemfika kwenye vifundo, anapunga kofia. Ukurasa huo nilikuwa nimeuchora mara nyingi kuliko mingine yote. Kila mara kofia ilinishinda. Nilijua ilikuwa kofia, sikuwa na uhakika ya namna gani.

Alisema atakuja akishafunga shule. Hakuja. Tulikaa Ujiji kwa mwanamke mmoja aliyetupa chumba cha uani kwa sababu mama alijua kukamua mawese, na habari za baba zililetwa na mfanyabiashara miaka kadhaa baadaye: alikufa kwa kuumwa, akazikwa nyuma ya shule. Mama alimshukuru yule mtu, akamkaribisha chai. Mama mwenyewe amezikwa hapa hapa Ujiji. Baada ya hapo yaya alisema anakwenda ng'ambo kuliona kaburi la baba na atarudi, na mambo kule yalikuwa yametulia, akakutana na muuguzi wa zahanati, akaolewa. Akahamia mji mkubwa zaidi wa pwani ile ile. Akawa anauza vitenge sokoni. Tulizoea hivyo, mimi huku na yeye kule, boti zikituletea vifurushi: yeye kitenge, mimi unga na sabuni.

Na mwaka huu vita vikaanza kuteremka tena kutoka milimani kuelekea mji wake.

Kwanza zilikuwa habari za redioni, majina ya vijiji ninavyovijua. Halafu zikaja zile sauti za kwenye simu, watu wanatumiana kwenye makundi, mwanaume anahema anasema wameshafika darajani, mwingine anasema ni uongo, mwingine anarekodi milio tu bila kusema neno. Nilikuwa nazisikiliza nikiwa juu ya ngazi na brashi mkononi. Mwenye saluni mmoja wa Katubuka aliniambia, kwa upole, kwamba jicho la kushoto la mwanamke wangu limekuwa juu kuliko la kulia.

Nilimpigia yaya kila siku.

"Usihangaike, mudogo," alikuwa anasema, kwa Kiswahili cha kwetu ng'ambo. "Batu banasema mingi. Soko liko wazi."

"Njooni huku. Chukua watoto uje."

"Na shemeji yako?"

"Naye aje."

"Hawezi kuacha wagonjwa. Nimeolewa na baba, unajua? Ndiyo kitu nilifanya. Nilienda kutafuta kaburi nikaolewa nalo."

Alicheka, mimi sikuweza.

Mwili wangu ulianza kufanya mambo bila kuniuliza. Nilijikuta nimeweka viatu vya binti yangu mlangoni vikiangalia nje. Nilishona mfuko wa nguo wa kuvaa kiunoni, nikaweka vyeti vyetu ndani, nikawa natembea navyo hadi sokoni. Mvua za ziwa zilipoanza na radi ikawa inanguruma upande wa magharibi, nilikuwa nasimama uani nahesabu kama milio inafuatana. Mji wa yaya uko mbali, hata bunduki kubwa kiasi gani haisikiki Ujiji, na mimi najua hivyo. Mume wangu ni mtu wa mihogo na subira. Alitoka akanifunika kanga, akasimama na mimi kwenye mvua.

"Hiyo ni radi," alisema.

"Najua."

"Basi tuingie."

"Ngoja inayofuata."

Alingoja na mimi. Ilikuwa radi.

Halafu simu ya yaya ikaacha kupatikana. Nilimpigia shemeji, naye hakupatikana. Nilipiga kwa jirani yao anayeuza vocha, ikaita mpaka ikakata, na kwa kuwa iliita nilipata tumaini siku nzima kisha likaisha jioni. Kwenye makundi watu walisema mji umeingiwa. Nikaacha kuchora kabisa. Karatasi nilizirudisha kwenye boksi la viatu nikalisukuma chini ya kitanda, kwa sababu kila nikikaa na rula nilihisi nachora yanayokuja badala ya yaliyopita.

Nikawa nakwenda Kibirizi kila asubuhi. Boti za ng'ambo hufikia pale, na siku za kawaida utakuta wapagazi wanapakia saruji, bia na mabati huku wakitukanana kwa raha. Siku zile mizigo ilikuwa imerundikana chini ya maturubai na hakuna aliyekuwa anapakia. Boti zilikuja zimejaa watu. Wengine walibeba magodoro yaliyolowa, mwanamke mmoja alikuwa amepakata kichwa cha cherehani bila meza yake, amekikumbatia kama mtoto mchanga. Askari walikuwa wanawapanga, watu wa mapokezi wanawapa maji na kuwaandika, na mimi nazunguka pembeni nauliza.

"Shikamoo mama. Mmetoka mji gani?"

Yule wa cherehani alinijibu. Alikuwa ametoka mji wa yaya.

"Unamjua muuza vitenge, mrefu, ana mwanya, mume wake wa zahanati?"

"Soko zima ni wauza vitenge, mwanangu."

"Wa upande wa samaki."

Alifikiri kwa dhati kabisa, akitazama maji. "Upande wa samaki walikimbilia barabara ya Burundi. Kwa miguu. Sisi wa upande wa juu ndio tulipata boti." Kisha akaona uso wangu. "Lakini watu walichanganyika. Mimi mwenyewe nilikuwa nataka kwenda Burundi, tazama niko wapi."

Nilirudi nyumbani nikiwa na Burundi kichwani. Nilimwaza yaya kwenye barabara ile na miguu yake mibovu. Nikamwaza ziwani. Nikawaza mji, na nyumba yake, na sikuendelea. Nilipika ugali ukawa mabonge, na binti yangu aliula wote bila kusema chochote, jambo lililoniogopesha zaidi, kwa sababu nilikuwa mtoto wa namna hiyo.

Nilikuwa Katubuka, narekebisha lile jicho, namba nisiyoijua ilipopiga.

"Mudogo. Uko wapi?"

Nilishika ngazi kwa mikono miwili na simu ikabaki kati ya sikio na bega.

"Yaya?"

"Niko Kibirizi. Nimekaa juani na watoto. Hii simu ni ya mtu, sema haraka, uko wapi?"

Nilipofika nikiwa na rangi nyeusi hadi kwenye viwiko, alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, watoto wake wawili wamemwegemea huku na huku wamelala. Alikuwa amekonda hata mwanya wake ulionekana mkubwa. Alinitazama kuanzia juu hadi chini.

"Umenenepa," alisema.

Tukashikana. Alikuwa ananuka mafuta ya injini na samaki. Nilimuuliza kuhusu shemeji, akatikisa kichwa, si kwamba amekufa, kwamba hajui. Alibaki zahanati. Walimletea majeruhi asubuhi ile ile, na alipomwambia yaya atangulie, yaya alimtukana matusi ambayo, alisema, hata sasa anayajutia na hayajutii.

Mume wangu alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kutoa taarifa kwamba tuna wageni, ili mambo yawe wazi, na tukaambiwa wanaweza kukaa kwetu hadi siku ya magari ya kupeleka wakimbizi kambini. Siku za mwanzo yaya alilala tu. Watoto wake walikuwa wanashtuka mlango ukigonga, na mimi nilikuwa nashtuka nao, na binti yangu akaanza kushtuka kwa kutuona sisi, mpaka mume wangu akaenda akafunga kipande cha mpira wa tairi kwenye fremu ili mlango usigonge.

Binti yangu ndiye aliyetoa boksi. Nilitoka kununua mkaa, niliporudi nikakuta yaya amekaa mkekani na karatasi zangu zimetandazwa mbele yake kwa mpangilio, anazisoma taratibu huku ananyoosha pembe zilizokunjika kwa kucha. Nilisimama na mkaa wangu kama mtu aliyefumaniwa. Aliona mabuti, akaguna. Aliona baba anapiga mguu uwanjani, akacheka hadi akaziba mdomo. "Ndiyo yeye," alisema. "Alikuwa hajui kucheza kabisa." Kwenye mama na kibuyu alikaa muda mrefu.

Akafika pwani.

"Huyu nani?"

"Baba."

"Anafanya nini hapa?"

"Anatuaga. Na kofia."

Yaya aliinua ile karatasi karibu na macho. "Baba hakuja pwani."

"Alikuja. Nilimwona."

"Ulikuwa na homa, ulikuwa unaona hadi ng'ombe juu ya maji. Mwenye kofia ni mdogo wake yule mtu wa boti, alisukuma boti akabaki." Aliweka karatasi chini kwa upole, kama vile kilichochorwa kingeweza kumwagika. "Mama alimkataza baba asije. Wale askari walikuwa wanakaa pale njiapanda, wanaona nani anatoka na nani anaingia. Mwalimu akionekana anashuka pwani na familia yake, tumekwisha. Kwa hiyo yeye alikwenda shule. Alivaa shati lake, akapita mbele yao, akawasalimia, akaenda akapiga kengele."

"Kengele gani? Shule ilikuwa haina watoto."

"Ndiyo maana. Alipiga kama kila siku, ili waseme mwalimu yuko kazini, mke wake yuko nyumbani anapika. Alipiga muda mrefu sana. Sisi tulikuwa tayari kwenye boti. Mama alikuwa amenibana mkono hapa, na kila ikilia ananibana. Wewe hukuisikia?"

Niliisikia. Miaka yote nilidhani ilikuwa ya kanisa. Kwenye moja ya karatasi zile nilikuwa nimechora hata mnara wa kanisa juu ya ukungu, wakati mji wetu, yaya alinikumbusha, kanisa lake lilikuwa la mabati na lilikuwa linapiga ngoma.

Nililia kwa sauti ambayo sikuwa nimeilia tangu msiba wa mama, na watoto wote watatu wakasimama mlangoni kutazama. Yaya hakunibembeleza. Aliokota penseli kwenye boksi akanipa.

"Ile kengele ilikuwa kipande cha reli," alisema. "Kimening'inizwa kwenye mti kwa waya. Si kama hizi za kanisani. Chora vizuri."

Nilichora siku zilizofuata naye akiwa pembeni, ananisahihisha kwamba shati lilikuwa na mifuko miwili, njia ilikuwa na mteremko. Tulibishana sana kuhusu askari wa njiapanda. Mimi niliwataka wawe wakubwa, yeye akasema hapana, walikuwa watoto, mmoja alikuwa amekaa anakula muwa. Nilimchora anakula muwa. Ni ukurasa mbaya kuliko yote kwangu kuutazama na sitaubadilisha.

Magari ya kambini yalipangwa. Yaya hakutaka kwenda. Alisema shemeji akivuka atafikia Kibirizi na hatamkuta. Mume wangu akamwambia ataacha namba yetu kwa kila mpagazi anayemfahamu pale. Nikamfungia unga, dagaa na ndoo yake. Alikuwa anakunja nguo za watoto wakati simu yangu ilipoita, namba inaanza kwa tarakimu za Burundi. Sikuweza kuipokea. Nilimpa yeye.

Alisikiliza. Uso wake haukubadilika, akakaa chini polepole juu ya nguo alizokuwa amezikunja.

"Umekula?" alisema.

Akasikiliza tena.

"Sikuulizi wagonjwa. Nakuuliza wewe, umekula?"

Sauti ya mwanaume ilikuwa inasikika kidogo, inakatika, inarudi. Nilisikia neno kambi, nikasikia neno mguu. Yaya akasema mguu umefanya nini, umefanya nini, na mtandao ukakata. Alipiga tena, haikupatikana. Alipiga tena. Watoto wake walikuwa wamemshika sketi. Nje gari la kambini lilikuwa limefika na dereva anapiga honi kuita watu, na mume wangu akatoka kumwomba asubiri kidogo.

"Yuko hai," nilimwambia yaya.

"Yuko hai," alisema. "Mguu umefanya nini?"

Akabonyeza namba tena.